Umeme ukishuka hadi volti 182, birika linavuta ampia nyingi au chache?

Mkazi wa Nzuguni #1
Wakuu, habari za jioni.

Huku kwetu Nzuguni, Dodoma, ikifika saa moja usiku umeme unakuwa dhaifu. Taa zinafifia, feni inajivuta, na birika la umeme linachelewa mpaka mtoto anasinzia chai haijachemka. Nimepima kwenye soketi kwa multimita, nikapata volti 182. Lebo iliyo chini ya birika inasema 220-240V, 1850-2200W.

Fundi aliyenifungia waya anasema nguvu ni volti mara ampia. Birika ni la wati 2000, kwa hiyo volti zikishuka lazima ampia zipande. 2000 gawanya kwa 182 unapata karibu ampia 11. Ndiyo maana LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) inakimbia usiku, kwa maelezo yake.

Sasa sekondari tulifundishwa pia kwamba volti ni ampia mara ukinzani. Waya wa moto ulio ndani ya birika ni uleule, ukinzani wake haujabadilika, basi volti zikishuka ampia nazo zinashuka. Kanuni mbili, majibu yanapingana. Ipi inatumika hapa? Na kama ni hii ya pili, mbona uniti zinaisha haraka kweli?

Mtoto wa Kikuyu #2
Fundi wako yuko sahihi. P = V × I. Wati zimeandikwa na kiwanda, hazibadiliki. Kimoja kikishuka kingine kinapanda. Hata nyaya kuungua usiku ndiyo sababu yake.

Mwalimu wa Zamu #3
Mtoto wa Kikuyu, rudi kwenye hiyo lebo uisome tena. Kiwanda hakikuandika wati moja, kimeandika 1850 hadi 2200. Kwa nini mbili? Kwa sababu 1850 ni kwenye volti 220 na 2200 ni kwenye volti 240. Lebo yenyewe inakwambia wati zinafuata volti.

Fanya hesabu uone. Ukinzani ni volti mara volti, gawanya kwa wati.
220 × 220 ÷ 1850 = omu 26.2
240 × 240 ÷ 2200 = omu 26.2

Umeona? Ukinzani ni mmoja kote kuwili. Hicho ndicho kisichobadilika kwenye birika. Sasa weka volti 182 za Nzuguni:
Ampia = 182 ÷ 26.2 = 6.9
Wati = 182 × 182 ÷ 26.2 = 1264

Kwenye volti 230 lingevuta ampia 8.8 na kutoa wati 2019. Volti zimepungua kwa kama asilimia 20 lakini nguvu imepungua kwa zaidi ya asilimia 37, kwa kuwa volti inaingia mara mbili kwenye hesabu. Hapo ndipo chai inapochelewa.

P = V × I haijavunjika popote. 182 × 6.9 ni hiyohiyo 1264 ukiacha desimali ndogo. Alichokosea fundi ni kung'ang'ania 2000 wakati 2000 yenyewe imeshaondoka.

Zabibu za Mpunguzi #4
Mbukwenyi.
Mwalimu hesabu yako ni safi kwenye karatasi. Mimi nina pampu ya kisima, mota ya 1.5 HP, namwagilia zabibu. Mchana klampu mita (kipimo cha ampia) inaniambia ampia 7. Jioni umeme ukilegea inapanda mpaka 9. Nimeiona kwa macho, sikuhadithiwa. Na mota imeshaniungulia koili, nikalipa fundi wa kusuka. Sasa hizo ampia zinazoshuka ziko wapi?

Mtoto wa Kikuyu #5
Zabibu za Mpunguzi, asante sana mkuu. Mwalimu, jibu hapo.

Mwalimu wa Zamu #6
Pampu si birika. Nitarudi, nina kipindi.

Fundi Dada Chang'ombe #7
Wacha nimsaidie mwalimu wakati yuko darasani.

Mzee wa zabibu umesema kweli, na aliyesema #3 naye amesema kweli. Birika ni waya unaopata joto tu, halina kazi nyingine ya kutimiza. Umeme ukiwa mdogo linatoa joto dogo na halilalamiki. Mota ina mzigo. Maji yako kwenye kina kilekile, yanataka kupandishwa. Mota inapozunguka inazalisha volti zake ndani, zinazokinzana na zile za laini. Mwendo ukipungua, hizo za ndani zinapungua, na ampia zinaingia kwa wingi. Koili ndiyo inayoumia, maana joto la koili ni ampia mara ampia mara ukinzani. Ampia 7 mara 7 ni 49. Ampia 9 mara 9 ni 81. Joto limeongezeka kwa zaidi ya nusu, na feni ya kuipoza imepunguza kasi. Hapo itapona vipi?

Weka kinga ya volti ndogo kwenye pampu, ikate yenyewe. Ni bei ndogo kuliko kusuka mota.

Mleta uzi, nina swali kabla hatujaendelea. Hizo 182 umezipima soketi ya jikoni. Kwenye meini swichi ni ngapi? Pima birika likiwa limezimwa, kisha likiwa limewashwa. Bila hivyo tunabishana hewani.

Kondoa Moja #8
Na simu je? Chaja yangu imeandikwa 100-240V. Simu inajaa kwa muda uleule umeme ukiwa mkubwa au mdogo.

Fundi Dada Chang'ombe #9
Kondoa Moja, chaja, televisheni za kisasa na taa nyingi za LED zina saketi inayohakikisha wati za kutoka ni zilezile. Hizo ndizo zinazomfuata fundi wa mleta uzi kikamilifu, volti zikishuka ampia zinapanda. Lakini ni wati chache, hazimalizi LUKU ya mtu.

Mtoto wa Kikuyu #10
Kwa hiyo fundi wake alikuwa sahihi. Asante kwa kuthibitisha.

Mwalimu wa Zamu #11
Sahihi kwa chaja. Yeye aliulizwa birika.

Fundi Bulbu Makole #12
Nimefuatilia uzi, nikaona niwape mfano unaosumbua hesabu za #3. Nina bulbu ya zamani ya waya, wati 100 volti 230. Kwa kanuni ya mwalimu, 230 × 230 ÷ 100 ni omu 529. Nikaitoa, nikaipima kwa multimita ikiwa mezani: omu 38. Narudia, thelathini na nane. Nikirudisha 38 kwenye kanuni napata wati zaidi ya 1390. Bulbu ya wati 100 inakuwaje wati 1390? Kanuni ya Ohm, hiyo ya volti ni ampia mara ukinzani, ni ya vitabuni, mtaani haifanyi kazi.

Kilimatinde #13
Multimita yako betri imekwisha mkuu.

Fundi Bulbu Makole #14
Betri mpya. Ukitaka njoo dukani upime mwenyewe, chai ipo.

Mwalimu wa Zamu #15
Betri ni nzima, Kilimatinde. Na 38 ni jibu zuri kabisa. Bulbu uliipima ikiwa ya baridi. Uzi wa bulbu ni wa tangsteni, na ikiwaka unafika joto la karibu nyuzi 2500. Metali ikipata joto ukinzani wake unapanda, na kwa joto kubwa namna ile unapanda zaidi ya mara kumi. Ikiwa mezani omu 38, ikiwaka omu 529. Ndiyo maana bulbu hizi huwa zinakatika pale unapobonyeza swichi, ule mfyonzo wa kwanza ni mkali mno. 230 ÷ 38 ni ampia 6 kwa kufumba na kufumbua, kisha inatulia chini ya nusu ampia.

Waya wa birika ni wa nikromu, aloi ya nikeli na kromiamu. Ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto. Mkazi wa Nzuguni akichomoa birika na kupima pini mbili zinazofanana za plagi, siyo ile kubwa ya ethi, huku swichi ya birika imebonyezwa, atapata omu 26 na kidogo. Nasisitiza: LICHOMOLEWE. Usipime omu kwenye kitu chenye umeme, utaharibu mita na pengine mkono.

Mhandisi wa Mtumba #16
Mwalimu nakupinga kidogo. Bulbu haifuati kanuni ya Ohm. Georg Simon Ohm alichochapisha mwaka 1827 ni kwamba mkondo unaenda sambamba na volti kama hali nyingine, joto likiwemo, hazibadiliki. Kwenye bulbu joto linabadilika, kwa hiyo kanuni haipo. Kinachobaki ni kugawanya volti kwa ampia na kuita jibu ukinzani, na hiyo ni maana ya ukinzani tu.

Mwalimu wa Zamu #17
Kwa kila nukta V = I × R inashika. Bulbu ikiwaka: 230 ÷ 0.435 = 529. Iko wapi ilipovunjika?

Mhandisi wa Mtumba #18
Haiwezi kuvunjika, maana R umeipata kwa kugawanya V hiyohiyo. Kanuni ya Ohm inadai kitu kikubwa zaidi, kwamba R ibaki ileile ukibadilisha V. Birika linatimiza dai hilo, bulbu hailitimizi.

Kondoa Moja #19
Nyie wawili fungueni uzi wenu.

Form Three Bahi #20
Shikamooni. Naombeni msaada, kesho nina jaribio. Kifaa kina volti 12 na ampia 0.5, natafuta ukinzani na nguvu.

Fundi Dada Chang'ombe #21
Marahaba mdogo wangu. Ukinzani 12 ÷ 0.5 = omu 24. Nguvu 12 × 0.5 = wati 6. Hakiki kwa njia nyingine: 0.5 × 0.5 × 24 = wati 6. Njia mbili zikikubaliana umemaliza. Andika vizio, walimu wanakata alama hapo.

Sola ya Mvumi #22
Dogo wa Bahi amenikumbusha kitu. Mnaongelea volti 230, sisi wengine tuko kwenye sola ya volti 12 na huku mambo ni makali zaidi. Wati 60 kwenye volti 230 ni robo ampia tu. Wati 60 hizohizo kwenye volti 12 ni ampia 5. Waya wa shaba wa milimita 2.5 una ukinzani wa omu 7.4 kwa kilomita. Kutoka betri hadi chumba cha nje ni mita 10, kwenda na kurudi 20, unapata kama omu 0.15. Mara ampia 5, volti 0.74 zimepotelea njiani. Kwenye 230 hakuna anayejali volti moja, ila kwenye 12 umeshapoteza asilimia 6. Watu wananunua betri mpya wakati tatizo ni waya mwembamba.

Mashine ya Kibaigwa #23
Na mota za fezi tatu msizisahau. Mashine yangu ya kusaga ni 15 HP, yaani kilowati 11. Kijana mmoja alinipigia hesabu 11000 ÷ 400 akapata ampia 27.5, akataka kuniuzia breka kwa hesabu hiyo. Fezi tatu unazidisha na 1.73, kisha unaweka pawa fakta (sehemu ya volti mara ampia inayokuwa wati kamili), na mota yenyewe ina upotevu wake. 1.73 × 400 × 21 × 0.85 ni kama wati 12,350 zinazoingia, na zinazotoka kwenye puli ni 11,000. Kwa hiyo ni ampia 21 kwenye kila waya.

Zabibu za Mpunguzi, na wewe usichukue volti 182 mara ampia 9 ukasema pampu inakula wati 1638. Kwenye mota hizo si wati kamili mpaka uweke pawa fakta.

Zabibu za Mpunguzi #24
Sikusema wati mkuu, nimesema ampia. Ila nimekuelewa. Swali langu bado liko palepale: jioni LUKU ya shambani inakula zaidi au haili?

Mkazi wa Nzuguni #25
Nimerudi wakuu, shukrani kwa wote. Nimepima kama dada alivyosema.

Meini swichi, birika limezimwa: volti 188.
Meini swichi, birika limewashwa: 182.
Soketi ya jikoni, birika limewashwa: 181 na kitu.
Saa sita usiku, vyote vimezimwa: 226.

Na birika nimelichomoa nikapima pini: omu 26.4. Mwalimu, heshima yako.

Fundi Dada Chang'ombe #26
Vizuri sana. Sasa tunaongea kitu. Kati ya meini swichi na jikoni hupotezi hata volti moja, waya wako wa ndani ni mzima. Ingekuwa meini 215 na soketi 182 ningekwambia usilale humo. Volti 33 zikipotea kwenye ampia 7 ni zaidi ya wati 225 za joto zilizojificha ukutani. Ukinzani wake ungekuwa omu 4.7, na waya wa milimita 2.5 ungehitaji urefu wa zaidi ya mita 600 kufika huko. Hakuna nyumba yenye waya huo. Maana yake ni skrubu imelegea au kiungo kimeoza, na moto unaanzia hapo.

Kwako birika linashusha volti 6 kwa ampia 6.9, yaani kuna kama omu 0.87 nje ya nyumba, kuanzia mita kurudi kwenye transfoma. Na volti zilikuwa zimeshashuka hadi 188 kabla hujagusa kitu. Hizo ni ampia za majirani kwenye laini hiyohiyo.

Kilimatinde #27
Transfoma iko mbali. Nzuguni nyumba zimeota haraka kuliko nguzo.

Mtoto wa Kikuyu #28
Kuna mtu anachomelea mageti usiku. Chunguza jirani.

Mashine ya Kibaigwa #29
Mashine ya kuchomelea inafanya taa zipepese, zinashuka na kupanda kila anapogusa chuma. Yeye anasema zimefifia tu kuanzia saa moja. Huo ni upishi wa mtaa mzima. Pengine fezi moja imebebeshwa nyumba nyingi kuliko wenzake. Aombe wapime mzigo wa kila fezi.

Mhandisi wa Mtumba #30
Au nyutro ina kiungo kibovu kwenye nguzo. Uliza nyumba za jirani kama kuna ambaye volti zake zinapanda wakati zako zinashuka. Kama wapo, toa taarifa mara moja, vifaa vitaungua.

Kondoa Moja #31
Turudi kwenye LUKU. Kwa nini inakimbia? Kama birika linakula wati chache usiku, uniti zingebaki.

Mwalimu wa Zamu #32
Uniti ni wati mara muda. Kilowati moja kwa saa moja ni uniti moja. Maji yanahitaji nishati ileile yachemke. Lita moja na nusu kutoka nyuzi 22 hadi 100 ni kama uniti 0.136. Kwa wati 2019 ni dakika 4, kwa wati 1264 ni dakika 6 na nusu. Kidogo zaidi usiku, maana birika likikaa muda mrefu linapoteza joto kwenye hewa.

Sola ya Mvumi #33
Mwalimu, nyuzi 100 ni za Dar. Dodoma tuko mita 1100 na ushei juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 96. Rekebisha, ni uniti 0.129.

Mwalimu wa Zamu #34
Naipokea, 0.129. Dakika nazo ziwe 3 na sekunde 50 mchana, 6 na kidogo usiku.

Kondoa Moja #35
Kumbe ndiyo maana maharage ya huku yanachelewa kuiva kuliko nilivyozoea Tanga! Mke wangu ananiambia ni mbegu.

Kilimatinde #36
Ni mbegu pia. Na chumvi ya maji ya visima vya huku ina mchango wake. Mama yangu huyaloweka usiku kucha.

Fundi Dada Chang'ombe #37
Maharage baadaye. Mkazi wa Nzuguni, una stebilaiza?

Mkazi wa Nzuguni #38
Ipo, ya friji. Jikoni tunachomeka panapopatikana nafasi, sasa sina uhakika birika huwa linachomekwa wapi nikiwa kazini.

Fundi Dada Chang'ombe #39
Hapo ndipo fundi wako anapopata nguvu. Birika likipita kwenye stebilaiza inayonyanyua 182 kuwa 230, birika linapata wati zake 2019 kamili, na stebilaiza inazitafuta kutoka laini kwenye volti 182. 2019 ÷ 182 ni ampia 11, ongeza upotevu wa stebilaiza yenyewe. Hesabu yake inarudi karibu neno kwa neno.

Mashine ya Kibaigwa #40
Stebilaiza ya friji haiwezi kubeba birika la wati 2000 dada. Ingekata au ingenuka.

Fundi Dada Chang'ombe #41
Ndiyo maana nimemuuliza. Inategemea ukubwa wake, na hajatwambia. Na hata ikiwa inabeba, uniti za chai hazibadiliki sana, zinabadilika ampia.

Mtoto wa Kikuyu #42
Friji yenyewe ndiyo mwizi. Compresa ikikosa volti inajaribu kuwaka, inashindwa, inajaribu tena. Kila jaribio ni ampia nyingi.

Mhandisi wa Mtumba #43
Ni sekunde chache kwa kila jaribio, kabla kinga ya joto haijakata. Inaua compresa, lakini sidhani inaua LUKU. Mimi natazama pasi na hita ya kuogea, na muda ambao watu wako nyumbani. Usiku kila kitu kinawaka.

Mkazi wa Nzuguni #44
Nimefanya jaribio. Lita moja na nusu, maji ya ndoo moja, nikasoma LUKU kabla na baada, vingine vyote vimezimwa kwenye breka. Mchana kwenye volti 224 ilishuka uniti 0.15. Usiku kwenye volti 183 ilishuka 0.16.

Mwalimu wa Zamu #45
Safi! Hiyo 0.01 ni joto lililotoroka kwa kuchelewa.

Mhandisi wa Mtumba #46
Mita inaonyesha desimali mbili tu. 0.154 na 0.156 zingeweza kuonekana 0.15 na 0.16. Chemsha mabirika kadhaa mfululizo, kila mara maji mapya ya joto lilelile, ndipo useme.

Mtoto wa Kikuyu #47
Imepanda au haijapanda? Imepanda. Mimi sihami.

Zabibu za Mpunguzi #48
Na pampu yangu bado hamjanijibu. Nikimwagilia saa kumi alfajiri volti zikiwa juu, tangi la lita elfu tano linajaa mapema kuliko jioni. Ampia chache na muda mfupi. Nani ana kipimo cha wati, siyo klampu tu, aje shambani tupime pande zote mbili? Msimu huu natarajia kuvuna vizuri, hataondoka mikono mitupu.

Fundi Bulbu Makole #49
Kipimo ninacho. Jumamosi nipo huru, nitumie ujumbe wa ndani. Nitakuja na ile bulbu pia, mhandisi na mwalimu wakitaka waje.